Unga Ndani ya Spika

Redio ilikuwa inawaka ila haitoi sauti, na kule kuwaka ndiko kulikonipa kiburi. Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu kule Uganda, nikisomea historia, na nyumbani kwetu Msanzi ilieleweka kwamba mtu aliyekaa darasani miaka yote hiyo hashindwi na kisanduku cha mbao.

Asubuhi ile dereva wa lori la tajiri mmoja wa Sumbawanga alikuwa amepita akitokea mpakani. Alisema mgodi wa shaba alikokuwa kaka yangu, Rhodesia ya Kaskazini, umeporomoka, na redio ya huko itasoma majina ya waliokufa jioni. Baada ya chakula cha mchana baba akaiwasha kuijaribu. Kimya.

"Haya, msomi," akasema. "Au huko wanafundisha vita vya Wazungu tu?"

Nilifungua mgongo wa redio. Vali, zile chupa ndogo za kioo, zilikuwa na wekundu hafifu. Nikagusa waya wa betri kubwa, ikanirusha hadi kwenye gunia la mahindi. Basi betri ilikuwa nzima. Baba alianza kucheka, akaacha. Nikapanda kukaza waya wa antena juu ya paa, nikashuka nikiwa na manyasi kichwani. Bado kimya. Ndipo nikachomoa nyaya za spika na kuzigusisha kwenye betri ya tochi. Spika nzima ingekwaruza. Yetu haikutoa kitu. Nikaisukuma karatasi yake kwa kidole: ilikuwa ngumu kama ukoko wa uji.

Nilipochokonoa, kidole kilitoka na unga wa ulezi.

Mama alikuwa mlangoni anapeta.

"Mama, nani ametia unga humu?"

"Mimi," akajibu bila kuinua uso.

"Kwa nini?"

"Anayekuletea habari za mwanao utamwacha mikono mitupu? Nilitia kidogo tu, nikapuliza maji, nikamwombea kaka yako. Kisha nikasali Salamu Maria, kwa hiyo usinitazame hivyo."

Nyumbani kwetu aliyeondoka safari ndefu alinyunyiziwa unga na maji, ili njia imtendee wema. Kaka alinyunyiziwa alipokwenda mgodini. Padri alikataza, mama alimsikiliza kwa adabu na kuendelea. Alipoondoka yule dereva, mama aliona kwamba sasa aliyeko safarini ni redio.

Nilikwangua kwa unyoya wa kuku na kipande cha wembe, nikaikausha spika kando ya jiko. Baba alisimama nyuma yangu akirudia, "Harakisha." Jua lilipokuwa linazama, sauti ikatoka, safi kabisa. Sijawahi tena kutengeneza kitu vizuri vile.

Mtangazaji alisema Kibemba. Baba alikijua, maana naye aliwahi kufanya kazi huko, akaanza kututafsiria. Kisha majina yakaanza, na hayo hayakuhitaji tafsiri. La kaka lilitajwa taratibu, likafuatiwa na la kijiji chetu.

Baba alinyoosha mkono kuizima.

"Iache," mama akasema. "Wanaweza kusahihisha."

Ikaendelea: bei ya mahindi, muziki wa dansi, mahubiri. Majirani walipoanza kuingia wakilia, mama aliwanyamazisha mmoja mmoja, ili asikie.