Jenereta ya Kamba

Miezi ya kwanza baada ya kustaafu nilikuwa mzigo ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nilikuwa nimezoea ofisi na watu wa kuwaagiza. Sasa nilibaki na mke tu wa kumwagiza, naye hakuwa na nafasi. Nilimfuata jikoni kumwelekeza jinsi ya kupanga masufuria ambayo ameyapanga tangu tuoane. Siku moja aliweka kisu chini, akaniambia kwa upole, "Mzee, tafuta kazi ya kufanya, la sivyo mimi ndiye nitaomba kustaafu."

Daktari naye alisema presha yangu haitaki kiti. Basi nikajiunga na kikundi cha mazoezi cha wastaafu wenzangu. Tunateremka kilima chetu cha Gisozi hadi bondeni, kisha tunapanda tena, kila mmoja akijifanya hahemi.

Mke wangu hakuhitaji daktari wala kikundi. Yeye alikuwa na vifaranga wake. Aliwaleta ndani ya boksi wakiwa wa siku moja, akawalea chini ya taa za joto katika banda alilotengenezewa na maseremala wa karakana za hapo chini, na wakishaota manyoya wanawake wa mtaani walikuja kuwanunua. Alisimama mlangoni mwa banda, akasikiliza, akasema hawa wana kiu, wale wanasikia baridi. Mimi nilisikia kelele tu.

Mvua zilipoanza, umeme nao ukaanza kukatika ovyo. Akasema vifaranga wanahitaji jenereta, tukaenda kuitafuta. Muuzaji alituonyesha mbili.

"Hii iko ya kamba, inataka mkono," alisema. "Hii ingine iko na betri. Unazungusha ufunguo tu, hata mama anawasha."

"Hiyo ya ufunguo," mke wangu akasema palepale.

Muuzaji alisema hata mama; mimi nilisikia hata mzee. Nikavua koti, nikashika kamba ya ile nyingine, nikavuta. Ikanguruma mara moja, na watu wote dukani wakageuka kunitazama. Sijui lini mara ya mwisho watu waligeuka kunitazama.

"Hii ndiyo itakuwa mazoezi yangu," nikasema.

"Na siku hauko nyumbani?"

"Niende wapi? Mimi si mstaafu?"

Hakubishana nami mbele ya muuzaji. Mke wangu hajawahi kubishana nami mbele ya mtu.

Majirani walikuja kutupongeza, kama ilivyo desturi kitu kipya kinapoingia kwenye ua. Wakanywa Fanta, nami nikavuta kamba wakipiga makofi. Kwa mbwembwe nilizokuwa nazo jioni ile, gunia la mkaa ambalo mke wangu aliliweka kwa ajili ya kupashia banda joto nililigawa. Nilimpa jirani tunayegawana naye ukuta, fundi wa kuchomelea vyuma. Nikamwambia sisi na mkaa tumeachana.

Umeme ulikatika tena alasiri moja, nikiwa na kikundi. Mvua ilitukuta bondeni, tukakimbilia mgahawani, tukaagiza chai ya maziwa. Wenzangu wakanichokoza kuhusu mikono yangu ya ujana, nami nikaanza kusimulia habari za dukani. Simu ikalia. Niliiona. Nilijua ni yeye, nikadhani anataka nipitie mkate, na nilikuwa nimefika pale ambapo watu wanageuka kunitazama. Nikairudisha mfukoni. Ikalia tena, nikaiacha ilie.

Nilipofika nyumbani mvua ilikuwa imekatika, umeme ulikuwa bado haujarudi. Nilichokigundua kwanza ni kimya cha banda. Mke wangu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya jenereta, viganja vikiwa wazi mapajani. Kamba ilikuwa imemchuna ngozi. Ndani, vifaranga walikuwa wamelundikana kwenye kona wakitafuta joto, wa juu wamewakandamiza wa chini. Wachache walikuwa bado wanapumua.

Nikafanya nililolijua. Nikavuta kamba. Jenereta ikawaka kwa mvuto mmoja, taa za banda zikamulika ile kona yote. Sijawahi kuichukia sauti kama nilivyoichukia ile.

"Zima," akaniambia.

Majirani walipoona nachimba shimo nyuma ya nyumba, wakaja. "Mwihangane," wakasema, kama tunavyopeana pole hapa. Yule fundi alikuwa na huzuni kuliko wote.

"Nilisikia mama anavuta kamba," alisema. "Nikauliza juu ya ukuta, mama, nije nisaidie? Akasema hapana, mzee iko njiani. Shida ilikuwa nini, mama?"

Nilipaswa kujibu mimi. Sentensi ilikuwa fupi: yeye alitaka ya ufunguo. Lakini mke wangu akaficha viganja ndani ya kitenge, akasema, "Nilisahau kufungua bomba la mafuta. Ni makosa yangu."

Bomba lilikuwa wazi. Nililiona mwenyewe nilipowasha. Nikaendelea kuchimba. Alilelewa kumsitiri mume mbele za watu, na mimi nililelewa kusitiriwa. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto, na bado sikufungua mdomo.

Tulipobaki wawili nilimwomba msamaha. Akasema yamepita. Niliuza ile ya kamba, nikaleta ya ufunguo, na ufunguo nikamkabidhi yeye. Aliutundika kwenye msumari wa jikoni. Vifaranga hakuleta tena. Nikimuuliza, anasema viganja bado vinamuuma, ingawa vilipona zamani. Siku hizi anakaa karibu na dirisha, pale nilipokuwa nakaa mimi nilipostaafu.

Jumapili iliyopita kikundi chetu, ambacho habari ya bomba ilikuwa imekifikia kupitia majirani, kilikuja kuipongeza jenereta mpya. Mke wangu akapika chai ya maziwa, akakaa nasi. Mmoja akainua kikombe.

"Mzee wetu ana moyo," akasema. "Wangapi wangebadilisha mashine nzima sababu bibi anasahau?"

Wengine wakaitikia kweli, kweli. Mwingine akamgeukia mke wangu, akamwambia kwa sauti ile tunayowasemesha watoto, "Hii ni rahisi, mama. Unazungusha tu. Hautasahau tena, eh?"

Aliniangalia. Aliniangalia kwa muda wa kutosha mtu kusema sentensi fupi.

"Sitasahau," akawajibu, akainuka kuniongezea chai, nami nikasogeza kikombe.