Mchungaji Aliyenuka Sabuni

Mchungaji wa kijiji chetu kando ya Mto Menderes hutembea mbele ya kondoo wake wa mikia minene, mikono mgongoni, kama mtu aendaye msibani. Huwaita kwa kugonga ulimi, na homa zao huzipima kwa kuwashika masikio. Kila mwisho wa kiangazi hujitosa mtoni mbele ya kijiji kizima, na kondoo humfuata hadi ng'ambo. Mchungaji asiyefuatwa hapewi kundi mwaka unaofuata.

Mwaka huu alikuwa ametoka hospitali baada ya wiki sita. Alijitosa na shati jipya. Kondoo wakagoma ukingoni. “Wamekusahau, mzee,” jirani yake Satılmış akamchokoza. “Hata mkeo alishaanza kukusahau.” “Mke wangu hajali sabuni ya hospitali,” mchungaji akajibu. “Hawa wanainusa.” Akatoka majini akitetemeka, akavua shati, akalala katikati ya kundi na kujigaragaza kwenye samadi, kovu bichi la upasuaji likiwa wazi tumboni. Hakuna aliyecheka. Aliporudi mtoni, kondoo dume akamnusa mgongo, akajitosa, na kundi zima likafuata. Satılmış akaokota lile shati, akalikung'uta, akakimbilia darajani ili amkute ng'ambo.