Mafuta Mlangoni kwa Wifi

Mama yangu hakulogwa. Mama yangu aliteleza kwenye mafuta ya upako.

Najua wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni tu. Hata mimi ningecheka kama asingekuwa mama yangu.

Iko hivi. Mama alikuwa anaishi kwa kaka yangu, kwenye chumba cha uani. Mke wa kaka, yaani wifi yangu, ni fundi cherehani, na mimi na yeye tulikuwa chanda na pete. Nguo zangu zote kashona yeye, na umbea wangu wote anaujua.

Wifi akapoteza mimba. Akapoteza na ya pili.

Hapo ndipo alipojiunga na kikundi fulani cha maombi. Kiongozi wao nilimbatiza Jenerali, maana kwake kila kitu vita. Ukikohoa, vita. Ukiunguza chakula, vita.

Jenerali akamuuliza, "Nani anaamka kabla yako hapo nyumbani?"

"Mama mkwe."

"Anafanya nini?"

Wifi akamsimulia. Kila alfajiri Mama alisimama nje ya mlango wa chumba chao, kiganja juu ya mbao, akinong'ona. Ukifungua, ananyamaza, anajikokota zake na magoti yake mabovu.

"Basi adui umeshamjua," Jenerali akasema, akampa chupa ya mafuta ya upako. "Mwaga mlangoni. Hatavuka."

Wifi akamwaga. Siyo tone, jamani. Chupa nzima, juu ya vigae.

Alfajiri kaka akasikia kishindo. Nyonga ya Mama ilivunjika.

Nilifika hospitali mbio, kandambili mguu mmoja. Wifi alikuwa kapiga magoti kando ya kitanda, amelia mpaka sauti imekauka. Akanieleza yote pale pale, hakuficha kitu. Nikamrukia. Kaka ndiye aliyenibandua kwenye gauni lake.

"Mchawi ni wewe!" nikapiga kelele. "Unaniulia mama!"

Mama akafumbua macho. "Mwanangu, unapigana na nani?"

"Na huyu!"

"Huyu ni damu na nyama kama wewe. Tangu lini Maandiko yametutuma tupigane na watu?" Akapumua kwa shida. "Adui mwenyewe katulia anatutazama. Kazi yake tunamfanyia sisi."

Wifi akauliza, kwa sauti ndogo kabisa, "Mama, ulikuwa unasema nini mlangoni?"

"Nilikuwa nakuombea mtoto. Magoti yamegoma kupigika, ndiyo maana naegemea mlango."

"Mbona nikifungua unanyamaza?"

"Usije ukaona nakudai mjukuu."

Mama hakutoka hospitali. Mapafu yalijaa maji, tukamzika.

Msibani sikumpa wifi mkono. Alinipakulia chakula, nikakisukuma. Maneno ya Mama niliyasikia vizuri, lakini kifuani nami nilikuwa na Jenerali wangu. Nikamfungia simu, nikamfungia mlango.

Alfajiri moja nikasikia mnong'ono nje ya mlango wangu. Nikasogea nikatega sikio.

"Mungu, mtunze wifi yangu. Mpunguzie uchungu. Wangu niachie tu, ni haki yangu."

Nikafungua. Wifi alikuwa sakafuni, kapiga magoti. Aliponiona akanyamaza, akainuka aende zake, vile vile kama Mama.

Nilichoka, ndugu zangu. Nilichoka kumchukia.

"Usiende," nikamwambia. "Malizia."

Akashindwa kumalizia. Tukakaa kizingitini tukalia mpaka jirani akaja kuuliza amekufa nani tena.

Vita vya kiroho vipo, sibishani na mtu. Lakini ukionyeshwa adui, halafu adui mwenyewe ana magoti mabovu na anakuita mwanangu, weka chupa chini kwanza. Fungua mlango, muulize anasema nini.

Sisi tulikuja kumuuliza nyonga ikiwa imeshavunjika.