Walivyomwachisha Ziwa Mwanangu

Mama mkwe wangu alishuka kwenye boti pale Kilindoni ushungi wake ukiwa umelowa matapishi, na kabla sijamaliza kumwamkia alinitupia neno la kwanza.

"Mbona mmemuanika mtoto juani kama dagaa?"

Mtoto nilikuwa nimempakata. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi, mweusi kama mimi, mwembamba kama baba yake. Mimi na mume wangu tulikuwa walimu wa shule ya msingi huku Mafia, wote wageni wa kisiwa. Yeye ni mzaliwa wa Kariakoo, katika nyumba ya babu yake, mojawapo ya zile chache za chini zilizobakia katikati ya maghorofa. Mimi ni wa Masasi. Wakwe zangu walikuwa hawajawahi kufika kwetu. Walikuja Desemba shule zilipofungwa, kwa basi la Mbagala mpaka Nyamisati, kisha kwa boti, na bahari siku hiyo haikuwa na huruma.

Baba mkwe alikuwa fundi cherehani, mtu wa sauti ya chini. Aliniita "mwanangu" tangu siku niliyoolewa. Mama mkwe aliniita "huyu". Akitaka kunisifia mbele za watu alisema, "Huyu naye, japo mtu wa kuja, chapati anazijua."

Siku ya pili asubuhi alikaa kwenye mkeka uani akanitazama nikiosha vyombo. Alinitazama muda mrefu, tangu sufuria ya kwanza mpaka sahani ya mwisho.

"Una mimba," akasema.

Hakuwa anauliza. Nilikuwa sijamwambia hata mume wangu, kwa sababu nilitaka kwanza nipate uhakika kliniki.

"Miezi mingapi?"

"Kama miwili, mama."

"Na huyu bado unamnyonyesha?"

Nikainamia beseni. Akasimama, akajishika kiuno, akapaza sauti uani kwetu, na kota za walimu zilikuwa zimebanana, ukuta kwa ukuta. "Wamembemenda mjukuu wangu! Ndiyo maana ana miguu kama njiti! Walimu wazima, wamembemenda mtoto!"

Nikasikia jirani yangu, mwalimu wa darasa la kwanza, anazima redio ili asikie vizuri.

Nilimweleza kwa adabu kwamba mimba ya mama haimdhuru mtoto anayenyonya, kwamba daktari wa kliniki ya mtoto alishatuambia anaweza kuendelea kunyonya. Alicheka. "Huyo daktari ndiye aliyemzaa?"

Mume wangu nilimfuata chumbani. Nilitaka aseme kitu, chochote. Alikuwa anapiga pasi shati lake na hakuinua macho.

"Mama kalea watoto saba," akasema.

"Huyu tunamlea sisi wawili."

"Basi tusigombane na wageni wakiwa ndani."

Jioni hiyo mama mkwe aliniingiza bafuni na kichupa cha shubiri alichotoka nacho Kariakoo. Kwa hiyo alikuja amejiandaa, hata kabla hajajua habari za mimba. Nilijipaka mwenyewe huku yeye amesimama mlangoni, anahakikisha. Kisha akaniletea mtoto. Mwanangu alijilaza kama kawaida yake, mkono mmoja shingoni kwangu, akashika ziwa, akavuta mara moja. Akaacha. Akanitazama usoni. Hakulia. Akajaribu la pili, nalo lilikuwa hivyo hivyo, ndipo akatema na uso ukamkunjamana, akaanza kunipiga kifuani kwa viganja.

Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. "Umeona, mume wangu? Mama yako mchungu! Njoo kwa bibi." Akamchukua, akampa biskuti.

Baba mkwe alikuwa barazani. Nilipita mbele yake nafuta machozi kwa kanga. Akasema, "Pole, mwanangu," akaendelea kunywa chai yake.

Walikaa siku tisa. Siku ya kuondoka mama mkwe alitangaza kwamba mtoto anaondoka nao, mwezi mmoja tu, asahau ziwa. Kwao ndivyo walivyofanya siku zote, hata mume wangu aliachishwa ziwa kwa bibi yake Bagamoyo. Nilimtazama mume wangu. Yeye alikuwa anafunga kamba begi la mtoto. Pale gatini mwanangu alinipungia mkono akiwa ameshika biskuti, anafurahia boti. Mimi ndiye niliyelia, na mama mkwe akaniambia nisimtie mtoto mkosi wa safari.

Mwezi ukawa miwili. Nikipiga simu naambiwa amelala, ametoka na babu, ana mafua asisumbuliwe. Siku moja nilimsikia kwa nyuma akiita, "Mama! Mama!" Kisha nikasikia mama mkwe anaitika, "Abee, mume wangu."

Mwezi wa tatu mimba ikatoka. Ilikuwa imefika miezi mitano. Nililala hospitali siku nne, na niliporudi nyumbani nilimwambia mume wangu jambo moja tu, namtaka mtoto wangu. Alipiga simu kwao mbele yangu, akaweka sauti ya juu. Mama mkwe alitoa pole zake kwanza, vizuri tu, kama mtu anayesoma kwenye karatasi. Halafu akasema, "Sasa anamtaka wa kwangu kwa sababu wa kwake katoka. Mwambie apone kwanza."

Mume wangu akakata simu. Hakumjibu mama yake. Akaichomeka simu kwenye chaji, akatoka nje.

Juni shule zilipofungwa nilikwenda peke yangu. Nilishuka Kariakoo mchana, nikapenya katikati ya marobota ya vitenge na vijana wa mikokoteni wanaopiga kelele tuwapishe, mpaka kwenye mlango ule. Mwanangu alikuwa barazani, miguuni kwa babu yake, anachezea vipande vya vitambaa. Alikuwa amenenepa. Amepakwa poda shingoni, amenyolewa. Nilipiga magoti, nikafungua mikono.

Akarudi nyuma, akashika mguu wa cherehani.

Mama mkwe akatoka ndani, anapangusa mikono. Alinitazama, akamtazama mtoto, na nikaona wazo likimjia.

"Msalimie dada," akamwambia.

Dar es Salaam, dada ni neno lenye maana mbili, na ya pili ni msichana wa kazi. Yeye alijua. Mimi nilijua. Baba mkwe alijua pia, maana aliinamisha kichwa akaanza kutafuta sindano ambayo haikuwa imepotea.

"Shikamoo, dada," akasema mwanangu.

"Marahaba," nikaitikia. Sijui kwa nini niliitikia.

Nilikaa pale siku sita. Mtoto alikula kwa bibi yake, akalala kwa bibi yake. Nikimchukua anajinyonganyonga mpaka nimwachie. Nilifua nguo zake na kuzianika, kwa kuwa hiyo ndiyo njia pekee niliyopewa ya kumgusa. Siku ya nne jirani, mama mmoja muuza vitumbua, aliniona nimeinamia beseni akauliza, "Mmepata dada mpya?"

"Tumepata," akajibu mama mkwe. "Wa kusini hao, kazi wanaijua." Kisha akanigeukia akacheka. "Utani, jamani! Huyu utani haujui?"

Siku ya sita asubuhi alichukua kikapu akaenda sokoni kununua nazi na mchicha. Nilikuwa nimefunga begi langu tangu alfajiri. Nilimbeba mtoto na kutoka naye. Baba mkwe alikuwa anashona kola ya kanzu. Aliona begi. Akaondoa mguu kwenye cherehani.

"Unakwenda naye wapi, mwanangu?"

"Kumnunulia juisi, baba."

Alitazama begi, akanitazama mimi. "Haya," akasema, na cherehani ikaanza tena.

Hatukufika mbali. Pale kona tulikutana uso kwa uso na mama mkwe anarudi, kikapu kichwani. Mtoto alimwona kabla yangu. Akajirusha mikono mbele, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia tena kwake. "Mama! Mamaaa! Mama!"

Nikamkaza nikaongeza mwendo. Ulikuwa ujinga. Mwanamke mgeni mwenye begi, anakimbia na mtoto anayemlilia mwanamke mwingine, tena Kariakoo. Nikasikia mtu anasema, "Oya, huyo mtoto wa nani?" na mwingine akaitikia, "Mwizi! Mwizi wa mtoto!" Mchukuzi mmoja alitua gunia lake chini akanishika mkono. Muuza vitunguu akanizaba kofi, sikio likawaka moto. Mara moja tukawa tumezungukwa. Mtoto akachukuliwa mikononi mwangu, nikabaki na kiatu chake kimoja.

"Mimi ndiye mama yake!" nikasema. "Muulizeni yule! Ni mkwe wangu!"

Wote wakamgeukia. Mchukuzi akamuuliza kwa heshima, "Mama, shikamoo. Huyu unamjua?"

Mama mkwe alikuwa ametua kikapu. Mtoto alikuwa amekwishamfikia, amejificha kwenye baibui lake. Alinitazama kama alivyonitazama siku ile ninaosha vyombo, bila haraka. Mtu mmoja nyuma yangu akauliza kama kuna tairi na kiberiti hapo jirani, na wengine wakacheka, na mimi nikahisi mkojo unanitoka miguuni.

Hakusema kitu.

Aliyesema ni baba mkwe. Alikuja anakimbia, futi ya kupimia ikiwa shingoni, miguu mitupu, na mimi sikujua kama mzee yule anaweza kupiga kelele. "Muachieni! Mkwe wangu huyo! Mtoto wake wa kumzaa!" Walimfahamu, mtaa mzima ulikuwa umeshonewa naye. Mikono ikaniachia. Muuza vitunguu akasema samahani dada, akarudi kwenye meza yake.

Baba mkwe alimgeukia mkewe. "Na wewe ulikuwa unangoja nini?"

"Sikusikia vizuri walivyouliza," akasema.

Mzee alimng'oa mtoto kwenye baibui kwa mikono yake mwenyewe, kidole kimoja baada ya kingine, akanipa. Mtoto alilia mpaka Mbagala. Alilia kwenye boti mpaka sauti ikakauka.

Nyumbani alinikataa siku tatu. "Nataka mama," anasema. Namwambia, "Mimi ndiye mama." Ananiambia, "We dada." Siku ya tatu, aliposema hivyo huku ameimwaga chini sahani ya uji, nilimpiga. Nilimpiga kibao cha mtu mzima, akaanguka. Jioni akanifuata jikoni, akasimama mbali kidogo, akasema, "Mama, maji." Nikampa maji. Aliniita mama kwa woga, na mimi nikapokea hivyo hivyo.

Baada ya hapo simu za Kariakoo sikumpa. Picha za bibi yake nilizifuta. Akimtaja nambadilishia mazungumzo, na kwa mtoto wa miaka miwili hiyo si kazi kubwa. Mume wangu aliona. Alinyamaza, kama kawaida yake, na safari hii ukimya wake ulinifaa.

Mama mkwe alikuja mwaka uliofuata, likizo ya Desemba, peke yake, bila taarifa. Nilimwona dirishani anapanda njia ya kota, amejishika tumbo, bahari imemchakaza tena. Mtoto alikuwa ndani anachora. Nilimwambia, "Kuna bibi mgeni hapo nje. Kamwamkie."

Akatoka. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu!" Mama mkwe alikuwa ameshapiga magoti kwenye mchanga.

Mtoto alirudi hatua moja. Alikuwa na adabu, nilimfundisha mwenyewe. "Bibi, unamtafuta nani?"

Nilisimama mlangoni nikautazama uso wa mama mkwe. Nilitaka kuuona, na niliuona wote, mpaka mwisho. Mtoto alisubiri jibu, alipoona halipo akaingia ndani kuendelea kuchora.

"Umemfundisha," mama mkwe akaniambia.

"Watoto wanasahau haraka, mama. Karibu ndani."

Alikaa siku mbili. Alileta kanzu ndogo nyeupe iliyoshonwa na babu, na mtoto alipovalishwa mikono iliishia kwenye viwiko, kwa sababu mzee alikisia. Mama mkwe alivutavuta ile mikono kama ingerefuka. Usiku wa pili alimwomba mtoto alale naye. Mtoto akanitazama mimi. Nikasema, "Wewe unataka?" Akatikisa kichwa kukataa.

Asubuhi mume wangu alimsindikiza gatini. Aliporudi hakuzungumza nami wiki nzima, na kwa mara ya kwanza nilijua hasa ukimya wake ulikuwa unasema nini. Sikumuuliza. Kanzu niliifua, nikaipiga pasi, nikampa mtoto wa jirani.

Baba mkwe amefariki sasa. Msibani mwanangu alishika mkono wangu muda wote, akaniuliza kwa kunong'ona yule bibi anayelia ni nani, na wanawake waliokaa karibu wakasikia.