Hatua Niliyoiita "Nimechoka"

Diploma yangu niliipata kambini Tanzania, nikisomea chini ya hema, na sijawahi kuificha. Nilirudi nayo mjini kwetu Baraka pamoja na kompyuta iliyokwishatumika, na ni mimi, si mwingine, niliyetengeneza programu ya kituo cha afya inayowakumbusha akina mama kwa simu siku ya chanjo.

Kosa langu lilikuwa haraka. Kila hatua, yaani kila badiliko nililohifadhi, niliiandikia maelezo ya ovyo: "jaribu", "jaribu tena", "sasa iko sawa", "nimechoka". Fundi aliyetumwa kutoka Bukavu kuikagua alicheka hadi akavua miwani.

"Dada diplomé wa kambi, hii ni programu ao ni barua ya mapendo?"

Muuguzi mkuu hakucheka. "Safisha, mama. Lakini kama kitu kimoja kinapotea, tunarudilia makaratasi."

Nilisafisha siku mbili kwenye tawi jipya, yaani nakala ya pembeni ya programu, la zamani nikaliacha lilivyo. Niliunganisha hatua zinazofanana, nikatupa takataka, nikaandika maelezo ambayo hata askofu angeyasoma. Kisha nikawaita wote wawili.

"Sasa nalinganisha matawi mawili," nikasema kwa sauti, makusudi. "Kioo cha kompyuta kikibaki kitupu, hakuna kilichopotea. Na kitabaki kitupu."

Ikatokea mistari minne myekundu, iliyomo kwenye tawi la zamani tu.

"Ehee!" fundi akainama mbele. "Takataka iko na damu!"

Niliisoma, nikaijua. Ilikuwa ile "nimechoka". Niliihifadhi siku nilipoelewa kwamba kule rasini Ubwari simu moja hutumiwa na nyumba sita, nikairuhusu namba moja ibebe akina mama wengi. Kwa jina lake baya niliitupa bila kuifungua. Bila hiyo, mama wa kwanza angebaki kwenye orodha na wenzake wangekataliwa.

Niliirudisha mbele yao, nikaipa maelezo mapya: "Ubwari: simu moja, akina mama wengi." Nikalinganisha tena. Kitupu.

"Ulikuwa unaipoteza," fundi akasema.

"Na nani ameiona? We ulisoma majina tu, ukacheka. Simu ya bamama ba Ubwari, uliijua?"

Akasogeza miwani yake, akaanza kuisoma mistari ile. Muuguzi mkuu alikuwa amekuja na daftari jipya la karatasi chini ya kwapa. Alilirudisha kabatini.

Tawi la zamani sijalifuta mpaka leo. Anayetaka kucheka, aje. Ila afungue na yaliyo ndani.