Majani ya Malilia Yaliyofyekwa

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, Bwana Bustani wa nyumba ya wageni ya serikali pale Mpanda hakunipa jembe. Alinipa tunguu la lilia, linafanana na kitunguu maji, akaniuliza juu ni wapi na chini ni wapi. Nikakosea.

"Ukilifukia kichwa chini, mama, litamaliza nguvu kutafuta jua," akasema kwa lafudhi yake ya Kikonongo.

Alinifundisha kuchanganya udongo na mchanga wa mtoni ili maji yasituame. Mvua za kwanza zikinyesha, malilia meupe yalichanua, harufu ikafika barabarani. Akina mama wa Kasokola waliokuja kuuza viazi walitua mizigo ukutani wanuse kwanza. Maua yakiisha, alinionya, majani usiyaguse. Ndiyo yanayolisha tunguu kwa ajili ya mwaka unaofuata.

Bwana Bustani akastaafu, akaja Meneja mpya. Mwezi wake wa pili kazini alimtarajia mgeni kutoka wizarani.

"Fyeka hayo majani. Yamelala kama magugu."

Nikaanza kumweleza.

"Nimekuuliza?"

Nikakataa kushika panga. Akayafyeka mwenyewe, suruali kaikunja, mimi nimesimama pale. Miaka minne nilikuwa nimeyatunza.

Mvua zilizofuata halikutoka hata ua moja. Nilipochimba, matunguu yalikuwa yamesinyaa. Meneja akaandika barua kwamba nimezembea, nikahamishiwa Sitalike kufagia ofisi. Ufagio ndio nilioushika hadi nikastaafu, mimi niliyejua udongo.

Siku ya kuniaga, mgeni rasmi alikuwa yeye, kashapandishwa cheo. Akanisifu kwa utii wangu. Nikaomba kipaza sauti, nikaeleza yote: majani, panga, barua. Akainamia sahani yake. Mume wangu akanivuta kitenge.

"Mama Koleta, inatosha."

Haikutosha. Nilisema hadi mwisho, nikaketi, nikala wali wangu.

Nyie vijana mnaoanza kazi, mnaniuliza kama nimemsamehe. Sijamsamehe. Hajaniomba radhi hadi leo, na tunaishi mtaa mmoja. Kila Jumapili anapita mlangoni kwangu akienda kanisani, ananisalimia, "Shikamoo mama." Naitikia, kisha namngoja aseme lile lingine.