Nyumba ya Maji Kupwa

Siku ile haijanitoka, mwanangu, ingawa kichwa changu kimeshakuwa cheupe. Kaka yangu Masanja alirudi nyumbani Segese kutoka machimbo ya Nyarugusu, kapata dhahabu, na nyuma yake kafuatana na dalali aliyevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye vumbi letu!

Dalali alisema huko pwani kuna nyumba inauzwa, nzuri ya kupangisha watalii. Ukifungua mlango wa nyuma unakanyaga bahari. Dhahabu ya Masanja haikutosha, akambana baba auze sehemu ya ngitili, yaani malisho tunayoyafunga masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Baba aliuza shingo upande. Alisema tu, "Ng'wanawane, mwanangu, usilipe kabla hujanywa maji kwa jirani." Kwetu ardhi hainunuliwi bila majirani kutembea mipaka.

Nikamsindikiza kaka hadi pwani. Tulifika asubuhi. Lo, uwanja wa nyuma! Mchanga mtupu hadi mbali, maji yanaonekana kama mstari. Masanja akacheka, akasema hata zizi lingeenea pale. Sisi wa bara tulizoea ziwa, na ziwa ukiliacha hapa asubuhi, jioni unalikuta hapa hapa. Hatukujua kwamba bahari hupwa, kisha ikajaa. Nikamkumbusha neno la baba.

"Acha ushamba," akanijibu. "Huku watu hawagongeani milango."

Akalipa. Dalali akaaga.

Mchana maji yakaja. Yalikuja taratibu, wala hayakuwa na fujo, yakala uwanja wote, yakapanda ngazi, yakaingia jikoni. Mama wa nyumba ya jirani akatuita kwake juu, akatupa chai.

"Jamani, ndiyo mmenunua hiyo? Maji yakiwa makubwa huingia mpaka ndani. Mbona hamkuniuliza?"

Hasira ile sijaimeza hadi leo. Mtu mzima anachagua saa ya kukuonyesha nyumba ili akuibie vizuri! Na kaka yangu naye, masikio anayo, ya nini?

Kiangazi kile ng'ombe walikufa mmoja mmoja, wakinusa majani ng'ambo ya uzio ambao haukuwa wetu tena. Baba akamwita Masanja mbele ya ukoo. "Ng'ombe aliyelala hanunuliwi. Unangoja asimame, atembee. Wewe umenunua bahari imelala!"

Leo unaniletea simu mimi, baba yako mdogo, unionyeshe picha ya nyumba ya ufukweni, eti uwekezaji, nitie saini tuuze ngitili iliyobaki. Heri mbuzi kwenye gunia, maana gunia walau unalishika! Wewe hata mchanga hujaukanyaga.

Sikukatazi bahari, mwanangu. Nenda ukakae huko, uyaone maji yakijaa na yakipwa, mvua ikinyesha na jua likiwaka. Kunywa chai ya jirani kabla ya soda ya dalali. Anayekuharakisha ana analolificha. Na ukinunua, nunua kwa jasho lako, usilishe tamaa yako majani ya ng'ombe wa watoto ambao hawajazaliwa.

Mungu akutangulie njiani, akupe macho ya kuona na jirani mwema wa kukuambia ukweli. Baraka zangu zote chukua. Saini yangu hupati.